Magineto ya Marehemu Rukunga

Mwezi uliopita jamaa mmoja wa Ruiri aliniletea gunia la spea kuukuu dukani. Alikuwa amenunua shamba, akalikuta gunia ghalani, akaambiwa kile ambacho kila mtu hapa Makutano humwambia mgeni: peleka kwa yule, na akikataa yeye, tupa. Nilifungua mdomo wa gunia na harufu ikanipiga usoni. Grisi iliyokauka, petroli iliyozeeka, vumbi, mikojo ya panya. Nikamwambia kijana wangu wa kaunta aendelee na wateja. Nikaenda nyuma ya duka nikaketi juu ya tairi, mimi mtu mzima na tumbo langu, na sikuinuka mpaka chai yangu ikapoa.

Mimi sijifichi. Nina maduka mawili hapa na moja Embu, na nyumba niliyojenga bila mkopo wa mtu. Pikipiki ambayo hata kiwanda chake kilishakufa, mimi huiamsha. Shule niliiacha mapema na haikunililia. Watu hudhani nilifundishwa ufundi katika gereji fulani ya Mhindi. Hapana. Mimi nilifundishwa na kamba ya mgomba, na nyinyi wa rika langu mliokulia upande wa Imenti mtanielewa nikiwaeleza.

Baba yangu aliitwa Daktari, ingawa hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kutia ng'ombe mbegu za mafahali wa gredi, kwa niaba ya chama cha ushirika cha maziwa. Kila asubuhi alipita barabara ile ile, na wakulima ambao ng'ombe wao walikuwa wakilia kutaka dume waliwafunga kwenye vile vizimba vya miti kando ya barabara wakamngoja. Mbegu zilikaa kwenye chupa kubwa ya barafu nyuma ya pikipiki. Mimi niliamini mle ndani mna ndama wadogo kama panzi, wamelala, na nilikuwa naweka sikio langu pale nisikie kama wanalia.

Ushirika ulimpa kazi hiyo kwa sababu moja tu: alikuwa na pikipiki yake. Ilikuwa ya Kiingereza, nzito, yenye tangi la kijani, aliyouziwa na mzungu wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Ikinguruma kwetu, ng'ambo ya bonde walijua Daktari anakuja. Na mjue ng'ombe akilia leo, ni leo. Mbegu ya kesho haishiki, na mkulima anaanza kungoja upya.

Basi wiki moja ya mvua pikipiki ikagoma. Baba aliipiga kiki mpaka shati likamgandia mgongoni. Ilikuwa imekufa magineto, yaani kile chuma kinachotoa cheche ya kuchoma petroli. Siku zile ng'ombe walilia kwenye vizimba mpaka jua likapanda, na wenyewe wakarudi nyumbani wamenuna. Ijumaa mwenyekiti wa ushirika akaja kwetu na kofia yake. Mama akamwekea chai.

"Daktari," akasema, "Jumatatu asubuhi nataka kusikia mlio."

"Utausikia."

"Kuna kijana wa Embu ana pikipiki mpya. Anapenda sana kuja kunisalimia siku hizi."

Akaondoka. Mama akainua kikombe akamwonyesha Baba. Chai ilikuwa imejaa vile vile. Kwetu mgeni asipokunywa chai yako, ujue ameshakuhesabu kati ya watu aliokosana nao.

Duka kubwa la mjini walisema magineto hiyo lazima iagizwe ng'ambo, ije kwa meli, na bei waliyotaja ilikuwa ya mtamba mwenye mimba. Jumamosi Baba akanichukua tukaenda Embu kwa Mzee Athumani, Mwislamu mmoja aliyeuza vyuma vikuukuu nyuma ya soko. Nilijua ananichukua kwa sababu ya akili yangu. Tayari nilikuwa nafungua na kufunga baiskeli ya mjomba nimefumba macho. Athumani alikuwa na injini nzima ya pikipiki kama ile, na magineto yake ipo. Baba akamwomba amtolee magineto peke yake.

"Siuzi moyo bila mwili," Athumani akasema. "Ukitaka, chukua injini yote."

"Mzee wangu, injini yote siiwezi."

"Basi nikupe kitu cha bure. Hizi pikipiki zilikuja mbili tu upande wenu. Moja unayo. Nyingine ilikuwa ya Rukunga wa Kanyakine."

"Rukunga alikufa."

"Rukunga ndiye alikufa. Pikipiki haikuzikwa."

Baba hakucheka. Njia yote ya kurudi alitazama nje ya dirisha la matatu, na mimi nikadhani anapanga bei.

Jumapili, kanisa lilipotoka, tukaenda Kanyakine na nguo zetu za kanisani. Mama Kagendo, mjane wa Rukunga, alitupokea mlangoni. Pikipiki ilikuwa pale pale uani chini ya paa la majani ya migomba, tangi limeota kutu. Lakini ilikuwa imezungushiwa kamba ya mgomba, na tawi limepenyezwa kwenye spoki za gurudumu la mbele. Hiyo ilikuwa kazi ya wazee. Rukunga aliacha mjane upande huu na ndugu yake Gitonga upande ule, wanagombania shamba la kahawa na kila kitu, na wazee walikuwa wamefunga mali yote mpaka siku watakapokaa kuamua. Mtu mzima akigusa kilichofungwa anatoa fahali, na hilo la fahali ndilo dogo. Kila mtu alimjua yule wa karibu na mto aliyechukua jembe la marehemu kabla ya wakati, na kila mtu alijua mguu wake ulivimba vipi na aliishia wapi.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Asubuhi ile ile alikuwa amesimama mbele ya watu akasoma kwamba hakuna wa kuogopwa ila mmoja. Sasa alisimama nje ya ua, barabarani, na hakuweka hata kiatu ndani.

"Magineto nitakupa," Mama Kagendo akasema. "Sitaki pesa. Ng'ombe wangu amekataa kushika mimba tangu msiba. Utamtia mpaka ashike, bure, hata kama ni mwaka mzima."

"Nitamtia. Lakini nani ataitoa?"

Mjane akanitazama mimi. "Si umekuja na mwiji?"

Kwetu mvulana ambaye bado hajatahiriwa ndiye mwiji, na mbele ya wazee mwiji si mtu. Hatoi ushahidi, haapi, halaaniwi. Akivunja kitu ni kama mbuzi amekivunja. Hapo ndipo nilipojua kilichonileta. Nilikuwa nimevaa kaptura yangu ya Jumapili, na akili yangu yote niliyokuwa najivunia haikuwa na kazi pale. Nilichukuliwa kwa sababu sihesabiwi.

Nikapita chini ya kamba na spana. Baba alibaki nje ya ua, amegeuza mgongo ili asionekane anasimamia, akaniongoza bila kutazama.

"Umeona nati ya kwanza?"

"Nimeiona. Ina kutu."

"Igonge kidogo. Kidogo, nimesema. Usilete kelele."

Kila nilipogusa chuma niliona kama marehemu atasema kitu. Nati ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikakataa kabisa, na ndipo Mama Kagendo akasema taratibu, "Gitonga anapanda huku."

Alikuwa anatoka kupogoa kahawa, panga mkononi. Baba akasema bila kugeuka, "Kijana, usiache."

Nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote. Nati ikalia ikaachia, nikaanguka chali na magineto ikaniangukia kifuani.

"Daktari," Gitonga akasema, "unatafuta nini uani kwa marehemu?"

"Mimi niko barabarani, Gitonga. Barabara ni ya serikali."

"Na huyu?"

"Huyu ni mwiji."

"Nilimtuma mimi," Mama Kagendo akadakia. "Mtoto akichuma limau kwa huu mti, utampeleka kwa wazee?"

Gitonga akaja mpaka kwenye kamba akasimama. Hakuipita, kwa sababu hata yeye ilimfunga. Alinitazama nilivyokumbatia kile chuma, kisha akacheka kwa pua.

"Sawa. Ameshika mwiji. Basi na aendelee kushika mwiji mpaka wazee wakae. Kubeba abebe yeye. Kufunga afunge yeye. Ikiharibika afungue yeye. Siku nikisikia mkono wa mtu mzima umegusa chuma cha ndugu yangu, nitaenda mwenyewe kwa wazee, Daktari. Na sitachelewa."

"Wazee watakaa lini?" Baba akauliza.

"Baada ya mavuno."

"Sawa," Baba akasema. Alisema haraka mno. Alihesabu kwamba mavuno ni kesho kutwa.

Niliibeba mpaka nyumbani, nimeifunga kwenye shati la kanisani. Tulipofika kwenye kilima Baba alinyoosha mikono anisaidie, kama mzazi yeyote, halafu akakumbuka, akairudisha mfukoni. Jioni hiyo, mwanga ukiwa bado upo, aliketi juu ya kiti cha miguu mitatu akaniambia kila kitu kwa mdomo: hii weka hapa, ile kaza, hapana, legeza. Mwishowe akaniambia nishike waya wa plagi karibu na injini nione kama cheche inaruka, naye akapiga kiki. Nilishika vibaya. Kitu kilinipiga kutoka kidoleni mpaka kwenye meno nikatupwa juu ya kuku.

"Ina moto," Baba akasema, ameridhika.

Mimi sikuridhika. Nilijua bila shaka yoyote nimepigwa kofi na marehemu Rukunga. Alikuwa mle ndani. Sikumwambia mtu, lakini kuanzia siku hiyo kila asubuhi kabla ya kugusa chuma nilikuwa nanong'ona, "Umeamkaje mzee Rukunga, ni mimi tu," na asubuhi ambazo hakunipiga nilimshukuru.

Jumatatu mwenyekiti alisikia mlio. Kazi ikabaki kwetu.

Lakini wazee hawakukaa. Mavuno yakaja, upande wa Gitonga haukutokea. Wakapanga tena, upande wa mjane ukasusia. Ng'ombe wa Mama Kagendo alishika mimba, akazaa jike, na bado kamba iko pale pale. Na magineto ile ilikuwa na tabia ya mzee mgonjwa, haiendi bila kuhudumiwa. Kila asubuhi nilisugua pointi zake, vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, kwa ubavu wa kibiriti, nikapima mwanya kwa kipande cha pakiti ya sigara, kisha nikasema, "Baba, piga." Baba alikuwa amekata raba ya tairi akaipachika kati ya mguu wake na kile chuma, hata suruali isiguse. Mvua ikiizima njiani, alimtuma mtu shuleni. Mlango unafunguka katikati ya hesabu: "Mwiji wa Daktari anaitwa." Mwalimu alichoka, akaniweka karibu na mlango. Mimi ningali mdogo nilikuwa namwamuru mtu mzima lini apige kiki na lini angoje, na sikatai, nilipenda hilo. Nilitembea kama mwenye pikipiki.

Nililipenda mpaka likizo ile ndefu ya mwisho wa mwaka, wenzangu walipopelekwa kutahiriwa na mimi nikaachwa.

"Mwaka ujao," Baba alisema.

Walipotoka hawakuwa wenzangu tena. Mutwiri, tuliyechunga naye mbuzi tangu tukiwa wadogo, alikuwa anakula mbali nami na kunituma maji. "Wee mwiji wa magineto," alikuwa ananiambia mbele ya wasichana, "wewe utatahiriwa siku pikipiki itatahiriwa." Nilipigana naye, na hilo pia likawa kosa langu, kwa sababu mwiji hampigi aliyevuka. Likizo nyingine ndefu ikafika. Nilikuwa nimempita Mama urefu. Nilikuwa nachota maji kisimani na watoto wanaofika kiunoni mwangu. Na nilikuwa nimejipa sababu yangu mwenyewe: Baba aliniona nilivyolia siku ile niliyopigwa kofi na chuma, akajua mimi ni mwoga, na hataki nimtie aibu mbele ya kisu.

Kisha jioni moja nikiwa nakamua nyuma ya jikoni nikawasikia.

"Kijana ameota sharubu," Mama alikuwa anasema. "Unangoja nini?"

"Wazee wakae."

"Ulisema hivyo mwaka jana. Umemfanya mtoto spana."

"Nikimpeleka, nani atagusa ile kitu? Mdogo wake bado ananyonya. Yule wa Embu bado anakuja kumsalimia mwenyekiti. Mtakula nini nyinyi?"

"Na hayo matako yako unayoyakalisha juu yake kila siku, wazee hawayajui?"

"Sijaigusa kwa mkono," Baba akasema. "Mkono wangu haujaigusa."

Maziwa yalikuwa yananimwagikia miguuni. Nilikuwa nimeshindana mwaka mzima na woga ambao sikuwa nao.

Asubuhi yake Baba alitoka na chupa yake ya barafu, akaifunga nyuma ya pikipiki kama kawaida, akaketi, akaweka mguu kwenye kiki. Akangoja. Nilikuwa nimesimama hapo na kibiriti na kile kipande cha pakiti. Sikuinama. Niliviweka juu ya tangi mbele yake, na spana nikaiweka juu yake.

"Mjomba anakusanya vijana wa mwisho leo," nikasema. "Nataka kwenda."

Sijawahi kuzungumza na mtu tajiri, wala polisi, wala mtu wa kodi, nikaogopa kama nilivyoogopa pale. Baba alivitazama vile vitu. Kule bondeni ng'ombe alikuwa ameanza kulia.

"Unajua unachofanya?"

"Najua."

Akashuka. Alifungua kamba za chupa, akaiweka begani, akaanza kuteremka kwa miguu. Alipofika langoni akasema bila kugeuka, "Basi nenda. Mwambie mjomba wako nimekubali."

Siku ile hakufika hata nusu ya vizimba vyake. Nilisikia hilo nikiwa tayari mtoni, tunakotahiriwa.

Kibanda chetu cha vijana kilikuwa juu ya barabara, si mbali na nyumbani, na mjomba ndiye alikuwa akituangalia. Asubuhi iliyofuata nililala nikisikiliza, na wenzangu walidhani ninaugulia kidonda. Saa ya kawaida ikafika ikapita. Ng'ombe mmoja alilia kwenye kizimba cha chini, halafu wa pili. Nilimwona mwenyekiti na kofia yake amesimama barabarani. Nilimwona kijana wa Embu akiwasha pikipiki yake mpya kwa kidole. Niliona yote hayo nimefumba macho.

Ndipo nikasikia kiki.

Ikakohoa, ikanyamaza. Kiki tena. Ikapiga mshindo mmoja wa ovyo kwenye ekzosi.

"Mwanya umezidi," nikasema kwa nguvu.

"Nyamaza, wee," mjomba akasema. "Nani anakuuliza?"

"Mwanya wa pointi umezidi. Apunguze kidogo."

Mjomba akanitazama. Alikuwa mtu wa kuelewa polepole, lakini akielewa huwa ameelewa. Akasogea mlangoni. Kwetu kulikuwa kimya. Nilihesabu moyoni mwangu kila mtu aliyekuwa pale nyumbani, Mama, dada zangu, mdogo wangu wa kunyonya, na hakuna aliyejua kupima mwanya wala kushika spana, isipokuwa mmoja.

Leo najua kwamba Gitonga alitimiza ahadi yake, kwamba wazee walichukua fahali, na kwamba Baba aliishi mpaka nyusi zake zikawa nyeupe. Wakati ule sikujua kitu. Nilijua tu mguu wa yule mtu wa jembe.

Kiki nyingine. Injini ikashika. Ikanguruma kwa shida, ikatulia, ikaanza kuteremka, na bonde lote likajua Daktari anakuja. Mjomba akatoka nje akasimama juu ya barabara mpaka mlio ukapita. Aliporudi alikaa karibu na kitanda changu cha majani, akaongea kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Amepita. Mkono wake wa kulia ni mweusi wa grisi mpaka hapa." Akanionyesha kiwiko.

"Hakunawa?"

"Hakunawa. Wazee wamekaa pale njia panda. Amepunguza mwendo, akawainulia mkono huo huo, akawasalimia."

Nikageukia ukuta. Kijana aliyetoka mtoni hatakiwi kulia, na wenzangu walikuwa macho.

"Geuka tu," mjomba akasema, akinivutia blanketi. "Mimi sijaona kitu."